TAHADHARI: Msimlipe huyu anayeuza parikrama (hija ya kuzunguka mlima) ya Kailash kwa Mwaka wa Farasi

Ndugu zangu, kama umepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa yule bwana mwenye ofisi Thamel, Kathmandu, Nepal, anayekusanya watu wa kuzunguka Mlima Kailash, mlima mtakatifu ulioko Tibet, mwaka 2026, usimtumie hata senti tano. Kama umeshatuma, anza kudai leo. Ni tapeli. Jina lake siliandiki kwa sababu jalada liko polisi na wakili amenikataza, lakini wa Kisutu na Upanga mnamjua, na wa Mombasa na Nairobi mnamjua pia. Ndiye aliyekuja kutuonyesha video ukumbini, akakaa chini na wazee akala nao thali.

Nimenyamaza muda mrefu kwa aibu. Mimi na Mama tulipokwenda na huyu bwana, watu walitusindikiza uwanja wa ndege na mashada ya maua, wengine wakampa Mama vichupa awaletee maji ya Manasarovar, ziwa takatifu lililo karibu na Kailash. Nikikutana nao dukani wananiuliza, "Vipi, maji yetu?" Nashindwa kuwatazama usoni. Lakini juzi nimesikia ameshaandikisha kundi jingine, na ndani yake yumo mama mzee kuliko wangu. Hapo nimeona kunyamaza kwangu kutamuua mtu.

Na asije mtu akaniambia eti tuliamini kirahisi. Nilimhoji kama mtu anayeoza binti. Alijua njia ile yote. Alitueleza kwamba mzunguko ni kilomita 52 hivi, siku tatu, unaanzia Darchen, mji mdogo ulio zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari. Unapita Tarboche kwenye mlingoti mkubwa wa bendera za sala, unapita lango la Yama Dwar, usiku wa kwanza unalala Dirapuk na uso wa kaskazini wa mlima uko mbele yako. Siku ya pili ndiyo yenye kazi, unapanda mpaka kipito cha Dolma La, mita 5,630 hivi, hewa nyepesi, watu wanahesabu hatua. Ukishuka upande wa pili unaiona Gauri Kund, ziwa dogo takatifu, chini, kisha unatembea mpaka Zuthulphuk kulala. Siku ya tatu ni fupi, unarudi Darchen. Alimwambia Mama kuna farasi wa kukodi, kwamba mizigo hubebwa na yaki, kwamba asishangae akikutana na watu wanaozunguka kinyume, hao ni wa dini ya Bon na ndiyo desturi yao. Jirani yetu wa dini ya Jaini alimuuliza kuhusu Ashtapad, mahali Rishabhadeva, mwalimu wao mkuu wa kwanza, alipopata ukombozi, akajibu bila kubabaika. Yote hayo nimeyahakikisha, ni kweli tupu. Mtu anayekueleza kweli kumi utamshuku vipi kwa la kumi na moja?

Halafu mambo ya marehemu Baba na ile nadhiri ya Kailash mnayajua, sirudii. Mama alikuwa anangoja tu mlango ufunguke. Mwaka 2025 China iliporuhusu tena mahujaji wa India, baada ya kuwafungia tangu 2020, kila nyumba ya Kisutu ilikuwa inazungumza Kailash. Huyu bwana akatuambia, twendeni mwaka huu huu, kwa sababu 2026 ni Mwaka wa Farasi kwa Watibeti, kutajaa watu na vibali vitakuwa adimu. Ninyi leo anawaambia msubiri hiyo hiyo 2026, kwa sababu mzunguko mmoja katika Mwaka wa Farasi una thawabu ya mizunguko kumi na mitatu. Imani hiyo ya Watibeti ipo kweli, na mwaka wenyewe huja kila baada ya miaka 12, wa mwisho ulikuwa 2014. Anachukua jambo takatifu la watu anaenda nalo sokoni.

Dola 3,400 kila mtu. Nusu tulilipa Dar kwa kijana wake wa hapa, mnayemjua pia. Nusu ya pili ilikuwa ilipwe visa ikitoka. Jioni moja simu ya Mama ikalia: "Mataji, hongera, visa imetoka!" Na picha ya karatasi, maandishi ya Kichina, mhuri mwekundu, majina yetu yamepangwa mstari kwa mstari na namba za pasipoti. Jina la Mama lilikuwa la tatu, herufi zote sahihi, hata jina la babu yake ambalo hapa watu hulikosea kila siku. Mama aliibusu ile simu, akaiweka mbele ya picha ya Shiva kwa dakika kadhaa kabla ya kunirudishia. Kesho yake asubuhi nilikuwa benki.

Kathmandu alitupokea vizuri mno. Mitandio ya hariri shingoni, gari safi, chumba cha Mama kimewekwa chini ili asipande ngazi. Akakusanya pasipoti zetu kwenye bahasha ya kaki, akasema ni za mhuri wa mwisho. Kisha ikaanza kesho, kesho kutwa, Jumatatu. Mwisho akaja uso umemshuka, akasema daraja la Rasuwagadhi limechukuliwa na mafuriko. Na ni kweli, mafuriko ya tarehe 8 Julai 2025 yalilibeba lile daraja la mpakani, picha zilikuwa kila mahali. Kwa hiyo, akasema, itabidi tupitie Nepalgunj, twende Simikot kwa ndege ndogo, kisha helikopta mpaka Hilsa mpakani. Nyongeza ni dola 900 kila mtu, taslimu, kwa sababu wenye helikopta hawapokei hundi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nikilala napaona. Tulikuwa kwenye meza ya dirishani, chini, karibu na jikoni. Nilitoa bahasha nikampa. Hakuipokea. Alirudisha mikono nyuma, akasema, "Hapana, ndugu yangu. Fedha ya hija aihesabu Mataji. Mkono wangu haujaoga." Mama akavaa miwani. Akaanza kuhesabu, noti moja moja, analowesha kidole kwenye glasi ya maji, anazipanga kumi kumi na kila fungu analigeuza kichwa kilalie upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya dukani enzi za Baba. Yule bwana amepiga magoti pembeni, ameshika magoti ya Mama, macho chini. Mama alipomaliza akasukuma mafungu mbele. Ndipo yule akayapitia kwa haraka, akasimama, akachomoa noti moja na kumrudishia: "Mataji, umezidisha mia." Akamgusa miguu. Mama akamwekea mkono kichwani akambariki. Nani hapa duniani atamshuku mtu anayerudisha dola mia? Hata wahudumu wa hoteli walikuwa wanatazama na kutabasamu. Mpaka leo sijui kama kweli Mama alizidisha au yule alikuwa na noti yake kiganjani.

Pasipoti alizirudisha usiku ule. Nilifungua, hakuna visa ya China ndani. Nikamuuliza. Akajibu kwamba kwa Tibet, ukiingilia Nepal, visa ni ya kundi, ni karatasi ya peke yake anayoishika kiongozi, haibandikwi kwenye pasipoti. Na hilo nalo ni kweli!

Kwenye ndege ya kutoka Nepalgunj kijana wake mwingine alikaa nyuma ya Mama. Tulikuwa juu ya mabonde, milima imeanza kutokeza, akamgonga bega na kuonyesha dirishani upande wa kushoto. "Kailash! Kailash!" Kulikuwa na kilele cheupe kikubwa, kimetanda, kimechomoza juu ya wingu. Mama alikunja viganja. Alilia mpaka mtandio ukalowa. Alitaja majina yetu wote, aliotuzaa na waliotutangulia, akataja na majina ya baadhi yenu mnaosoma hapa, kwa sababu mlimwomba awaombee.

Simikot helikopta hakuna. Kijana akaenda pembeni kupiga simu, akarudi akasema Wachina wamefunga upande wao, lakini tumshukuru Mungu darshan, yaani kuuona mlima mtakatifu, tumeshapata angani, safari imekamilika. Akatuachia tiketi za kurudi akaondoka. Hatukumwona tena.

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya mwalimu mmoja mwanamke. Mama alimsimulia kwa Kihindi jinsi alivyouona mlima. Yule mwalimu aliona uchungu kusema, niliuona usoni, lakini alisema. Kile kilele ni Saipal, mita 7,031, kiko Nepal hii hii. Kailash uko ng'ambo ya mpaka, kaskazini, na kutoka upande ule wa ndege huwezi kuupata. Akatuletea kalenda yenye picha yake: kuba jeusi la mwamba lililosimama peke yake, tabaka za theluji zimelala kama vidato, na ufa mrefu unaoshuka katikati ya uso wa kusini. Haufanani hata kidogo na tulichokiona. Mama alishika ile kalenda muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nilimwomba nani?"

Ndugu zangu, fedha zinatafutwa. Lakini mtu aliyempa mama yangu mlima usio wenyewe akausujudia, huyo nataka aozee jela. Nataka afungwe Nepal, na akitoka afungwe hapa. Nataka leseni yake, kama anayo, ichanwe mbele yake. Na huyu kijana wa hapa Dar anayejiliza kwamba naye katapeliwa, aeleze kwanza kamisheni yake kwa kila kichwa ilikwenda wapi, kwa nini mpaka leo anaita watu kwenye vikao vya chai. Viongozi wa mahekalu wampige marufuku kukanyaga ukumbini. Asipewe kipaza sauti. Asialikwe harusini. Najua wengine mtasema tumwachie Mungu. Mimi namwachia Mungu na polisi pia.

Tuliporudi Kathmandu ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli na bango limeng'olewa. Jirani yake muuza mashali alisema si sisi wa kwanza kuja kuulizia. Tulikwenda polisi wa watalii, Bhrikutimandap, wakachukua maelezo kwa upole sana, jalada lipo. Mwenye kampuni nyingine anayesoma Kichina aliitazama ile picha ya "visa" akatikisa kichwa. Kwanza si visa, ni kibali cha Tibet. Pili ni cha kundi lililokwenda Lhasa na Shigatse. Neno Ngari, mkoa wenye Kailash, halimo kabisa. Majina yetu yalikuwa yamepachikwa juu ya ya watu wengine. Na Wagujarati tuliokuwa nao hoteli moja, waliolipa kampuni yao, walivuka kupitia Hilsa wiki ile ile wakarudi na maji. Mpaka haukuwa umefungwa.

Mnaniuliza dalili za utapeli huu, basi nazitaja, ingawa kwa hasira niliyonayo huenda nikasahau nyingine. Kubwa ni hii: kwa anayepitia Kathmandu, visa ya kundi ya China inaombwa Kathmandu, na pasipoti zenyewe lazima zipelekwe pale. Mtu akikuambia visa imetoka wakati pasipoti yako iko kabatini kwako Dar, ni mwongo, mkatie simu. Kibali kinatolewa na ofisi ya utalii ya Tibet kule Lhasa kupitia kampuni iliyosajiliwa huko, kwa hiyo dai jina la hiyo kampuni ya Tibet kabla ya kulipa, na umpe anayesoma Kichina akusomee karatasi. Lipeni kwenye akaunti ya kampuni, si ya kijana. Nyongeza ya taslimu njiani, kataa, au dai risiti ya mwenye helikopta mwenyewe. Na ratiba. Yake ilikuwa inawatoa watu Kathmandu na kuwafikisha Darchen haraka haraka, bila siku ya kupumzika kuzoea hewa. Hakuna kampuni ya kweli itakayompandisha mzee kuelekea mita 5,630 namna hiyo, na huko Tibet ukizidiwa hakuna helikopta ya kukufuata. Hiyo ratiba mnayo kwenye simu zenu, itazameni sasa hivi.

Kundi lake jipya ameliahidi litakuwa Tarboche tarehe 31 Mei 2026, sikukuu ya Saga Dawa ya Wabudha wa Tibet, mlingoti ukisimikwa. Waliojiandikisha wanajulikana, na wengine ni shangazi na wajomba zetu ambao hawasomi huku. Tafadhali wapigieni au nendeni nyumbani kwao. Mwenye risiti yake, picha ya "kibali" au sauti zake asifute kitu, aniletee nizipeleke kwa wakili pamoja na zangu. Wa Nairobi na Mombasa fungueni majalada kwenu, kisha mnipe namba zake tuziunganishe na la Kathmandu.