TAHADHARI: Nguzo za "dawa" zilizopakwa rangi na mabati ya geji hewa, kwa wanaojenga banda la gari nyumbani

Wakuu, yeyote anayepanga kusimamisha banda la gari la nguzo na bati nyumbani kwake asome hili kabla hajatuma hata senti. Kuna wauzaji wanaotangaza "paketi kamili" ya banda: nguzo sita za dawa, mabati ya msauzi geji 28 au 30 (geji ni namba ya unene, ikiwa kubwa bati ni jembamba), papi (mbao za kupigilia bati), misumari, na mzigo unafikishwa hadi getini. Wengine hawana mzigo kabisa. Wengine wanao, ila nguzo zimepakwa rangi tu na bati ni jembamba kuliko lilivyoandikwa. Hawa wa pili ndio wabaya zaidi, kwa kuwa utajua umeibiwa baada ya masika mawili matatu, banda likiwa juu ya gari na watoto wakicheza chini yake.

Tuanze na nguzo. Bati bovu utalivua uweke jingine, lakini nguzo ikioza ardhini inaangusha banda zima.

Nguzo ya dawa ya kweli, iwe ya mkaratusi au msonobari, hukaushwa kwanza, kisha huingizwa kwenye tangi la chuma. Hewa hunyonywa kutoka ndani ya mti, dawa hufunguliwa, halafu husukumwa kwa mgandamizo mkubwa kwa muda mrefu. Dawa inayotumika sana ni CCA, yaani shaba, kromi na aseniki. Shaba inazuia kuvu, aseniki inazuia mchwa, na kromi inazifunga hizo mbili ndani ya mti ili mvua isizioshe. Rangi ya kijani ni matokeo tu ya kazi hiyo.

Tapeli anatafuta ukijani bila tangi. Anachovya nguzo mbichi kwenye pipa la mrututu, au anapaka kwa brashi rangi ya kijani iliyochanganywa na oili chafu. Mrututu nao ni shaba, ndiyo maana jicho linadanganyika, lakini bila kromi hakuna kinachoushika na mvua za kwanza zinaanza kuuondoa. Zaidi ya hapo, nguzo mbichi imejaa maji, kwa hiyo dawa haina pa kuingia. Ikija kukauka uani kwako inapasuka, na kila ufa unafungua njia hadi kwenye mti usio na dawa. Mchwa hawahitaji zaidi ya hapo.

Kipimo ni msumeno. Nunua nguzo moja ya ziada, uichague wewe na si muuzaji, ikatwe palepale uwanjani. Ikatwe katikati, kwa sababu ncha hunywa dawa hata kwa kuchovya na zitakuonyesha uongo. Tazama mduara wa nje wa mti, ile sehemu changa inayozunguka kiini: yote inatakiwa iwe imeingia ukijani. Ukijani ukiishia milimita moja au mbili kutoka juu, hiyo ni rangi. Kiini cha mkaratusi chenyewe hakinywi dawa hata kwenye tangi zuri, kwa hiyo kiini kisicho na kijani si ushahidi wa wizi. Muuzaji akikataa nguzo isikatwe hata baada ya kulipwa, ondoka.

Kwa sababu hiyohiyo ya kiini, kuna wizi mwingine unaowapita wengi. Nguzo ndefu iliyokataliwa kwa kupinda au kupasuka hukatwa vipande viwili na kuuzwa kama nguzo fupi. Kipande cha juu kinakuja na kitako kilichokatwa upya, kiini kiko wazi, na hicho ndicho fundi atakachokizika ardhini. Kagua ncha zote mbili. Ncha ya asili ina rangi ya dawa na mara nyingi imegongewa bamba la meno la kuzuia mpasuko. Ncha iliyokatwa juzi ina kiini kikavu cheupe au chekundu. Upande wa kuzika uwe ule wa asili siku zote, na kama nguzo ni ndefu mno, punguza juu. Nguzo yenye muhuri wa shirika la umeme usiiguse bila hati za mauzo, unaweza kuwa unanunua mali ya wizi.

Uliza pia kipenyo cha kichwani. Wanapima kitako, wanakuambia sentimita 15, kumbe juu ambapo boriti inakaa ni sentimita 9. Kwa banda la gari moja usikubali chini ya sentimita 12 kichwani.

Sasa vipimo, ili asije mtu akakuandikia makadirio ya kubuni. Chukua banda la mita 4 kwa 6, paa la mteremko mmoja. Linahitaji nguzo sita: tatu za mita 4 upande wa juu na tatu za mita 3.2 upande wa chini, kila moja ikizikwa mita 1. Juu ya ardhi unabaki na mita 3 na mita 2.2, mteremko wa sentimita 80 unaotosha kabisa kwa msauzi. Shimo liwe na upana wa sentimita 40 na kina cha mita 1.1, sentimita 10 za chini ni kokoto tupu ili maji yasikae chini ya kitako. Zege la kuzunguka nguzo zote sita ni kama mita za ujazo 0.65. Sakafu ya unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko mitano ya saruji kwa mashimo na 16 kwa sakafu, jumla 21. Ukiletewa karatasi yenye mifuko 35, mwambie akuonyeshe hesabu.

Kwenye bati ndiko wizi ulipozoeleka hadi watu wanaona kawaida. Neno "geji" pekee halikulindi. Kwa kipimo cha Kiingereza geji 28 ni mm 0.376, geji 30 ni mm 0.315 na geji 32 ni mm 0.274. Kwa kipimo cha Marekani cha bati la zinki, geji 30 ni mm 0.399. Muuzaji anajificha katikati ya mkanganyiko huo na kukupa mm 0.20 iliyobandikwa "G30". Kwa hiyo usinunue geji. Nunua milimita, na ziandikwe kwenye risiti pamoja na maneno "unene wa chuma bila rangi", maana rangi ya pande zote mbili inaongeza takriban mm 0.03 na wengine wanaihesabu kama chuma.

Maikromita ya fundi mitambo, kile kifaa cha kupima unene, inatosha. Weka kwenye sehemu bapa, sentimita kadhaa kutoka ukingoni, kwa sababu ukingo uliokatwa una kinundu kinachodanganya. Kama huna maikromita, tumia mizani. Uzito wa bati kwa kilo ni urefu kwa mita, mara upana wa koili (roli la bati bapa la kiwandani) kwa mita kabla haijakunjwa, mara unene kwa milimita, mara 7.85. Bati la mita 5 kutoka koili ya mm 914:

mm 0.40: kilo 14.3
mm 0.30: kilo 10.8
mm 0.25: kilo 9.0
mm 0.20: kilo 7.2

Ruhusu tofauti ya gramu mia chache kwa ajili ya zinki na rangi. Banda letu la mfano, ukiacha sentimita 40 za kuning'inia kila upande, linafunikwa na mabati kumi ya mita 5 ikiwa kila moja linafunika sentimita 70. Ukilipia mm 0.30 ukaletewa mm 0.20, umenyimwa kilo 36 za chuma. Na bati la mm 0.20 linabonyea fundi akikanyaga, tundu la msumari linapanuka kwa upepo, kisha linavujia pale pale kwenye papi. Hakikisha unaulizia upana unaofunika baada ya mabati kulaliana. Wanaotangaza upana mzima wanakufanya uagize pungufu, halafu la ziada wanakuuzia kwa bei nyingine.

Kwa walio Tanga, Dar, Mtwara na Unguja, chumvi ya bahari inakula bati kuliko mvua. Ulizia tabaka la kinga: AZ150 maana yake ni gramu 150 za alumini na zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Lebo ya koili inaeleza hayo, na muuzaji mwenye mali halali hashindwi kuionyesha. Bati lisigusane moja kwa moja na mti wa CCA wenye unyevu, shaba inachochea kutu. Weka mkanda wa nailoni nzito katikati. Misumari na boliti ziwe zile zilizochovywa kwenye zinki ya moto.

Sasa wale wasio na mzigo kabisa. Picha ni za viwanja vya watu, mara nyingi za Mafinga au Njombe. Wanaomba nusu ya malipo, kisha "gari limeshapakia" na picha ya fuso inakuja. Baada ya hapo linazuiwa kizuizini, tuma hela ya kibali cha TFS, wakala wa huduma za misitu. Mazao ya misitu kweli husafiri na kibali, ndiyo maana uongo huu unaingia akilini. Lakini kibali hukatwa kabla gari halijaondoka na ni kazi ya muuzaji. Omba apige picha ya kibali hicho mzigo ukiwa bado uwanjani. Angalia jina linalotokea kwenye lipa namba kama ni la biashara hiyo, tafuta usajili wake BRELA (wakala wa usajili wa biashara), na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Njia salama zaidi ni kulipa mzigo ukiwa umeshuka na umepimwa. Usafiri lipa mwenye gari mwenyewe.

Kama umeshatuma hela, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia saa hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha fungua jalada polisi ukiwa na nakala za mazungumzo. Mabati yasiyofikia unene ulioandikwa yapelekeni TBS (shirika la viwango), na yaliyopunjwa urefu au uzito ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Bakizeni kipande na risiti, bila hivyo hakuna kesi.

Na kama nguzo zimeshazikwa na sasa una mashaka nazo, zege likiwa usawa wa ardhi kagua pale linapokutana na mti. Pasipo na zege chimba sentimita 30 kuzunguka. Hapo ndipo uozo unapoanzia, maana kuna unyevu na hewa kwa pamoja. Choma kwa bisibisi. Ikizama kirahisi zaidi ya sentimita moja, egemeza boriti kwanza, ndipo ubadilishe nguzo moja moja. Mabaki yake yasiende jikoni wala kwenye moto wa kuota: kama yana CCA, moshi na majivu yake yana aseniki, na huwezi kujua kwa macho nguzo ipi inayo.