Hostingi ya blogu ukiwa Uganda: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha kwa sasa

Januari 2021 Facebook ilifungwa Uganda, na waliokuwa wakiandika huko peke yake walipoteza njia ya kuwafikia wasomaji wao kwa usiku mmoja. Blogu yenye jina lako, kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) unayoilipia mwenyewe, haikuondolei kila usumbufu, lakini maandishi, picha na anwani vinabaki mikononi mwako. Kampuni moja ikikuchosha, unahamia nyingine na msomaji hatajua. Ndiyo maana katika mpangilio ulio hapa chini tumetanguliza swali moja kabla ya bei: je, mtu asiye fundi wa kompyuta ataweza kuingia, kurekebisha, na siku akitaka, kuondoka na vitu vyake vyote?

Utanunua vitu viwili: domeini, yaani anwani, na hostingi, yaani nafasi kwenye seva. Programu ya kuandikia ni bure. Tunashauri WordPress, ile inayopatikana WordPress.org, ambayo imekuwapo tangu 2003 na haikosi mtu wa kukusaidia ukikwama. WordPress.com ni kitu kingine, huduma ya kampuni moja, nayo tumeiweka kwenye nafasi ya tatu. Kwa mahesabu yote tumechukua dola 1 kuwa Sh 3,700.

Domeini kwanza, na iwe kwa jina lako

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Domeini ya .com ina bei ya jumla ambayo kila muuzaji huilipa kwa Verisign, kampuni inayosimamia .com: dola 10.26 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Anayekuuzia kwa dola 1, au anayekupa "bure" pamoja na hostingi, anaingia hasara atakayoifidia mwaka wa pili. Bei ya kawaida ya kulipia upya ni kati ya dola 11 na 20, yaani takriban Sh 40,000 hadi 75,000. Domeini ya .ug au .co.ug kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini inamwonyesha msomaji mara moja kwamba uko hapa. Kwa blogu ya biashara ya Kampala, au ya habari za Arua au Mbale, tunaona inafaa kulipia tofauti hiyo. Kwa mashairi, mapishi au masomo ya Kiswahili yatakayosomwa pia Kenya na Tanzania, .com inatosha.

Mtego mkubwa ni fundi anayekuuzia "tovuti nzima" kwa bei moja na kusajili domeini kwa barua pepe yake. Akibadilisha namba ya simu, au mkikosana, jina si lako tena hata kama fedha ni zako. Kabla hujalipa, hakikisha akaunti ya msajili, yaani kampuni inayosajili domeini, imefunguliwa kwa barua pepe yako, nenosiri unalijua wewe, na jina lako ndilo limeandikwa kama mmiliki. Barua pepe hiyo isiwe ya domeini hiyohiyo. Domeini ikiisha muda, barua zake nazo zinakoma, na ujumbe wa kukuonya hautakufikia. Tumia Gmail au nyingine iliyo nje kabisa.

Ukishanunua, fungua barua pepe siku hiyohiyo. Utakuta ujumbe wa kuthibitisha anwani yako. Usipobonyeza kiungo ndani ya siku 15, domeini ya .com husimamishwa, na blogu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri inazimika ghafla. Ujumbe huu huangukia kwenye spam mara nyingi, kwa hiyo kagua na huko.

Usitegemee pia malipo ya kujirudia yenyewe ikiwa kadi yako ni ile unayoitia fedha unapohitaji. Siku ya kukatwa ikikuta haina salio, malipo yanakataliwa. Weka kikumbusho kwenye simu siku 30 kabla. Domeini ya .com iliyopita muda wake wa neema (siku za kulipia baada ya kuisha) huingia siku 30 za ukombozi, na ada ya kuikomboa ni mara kadhaa ya bei ya mwaka. Baada ya hapo inarudi sokoni na yeyote anaweza kuinunua.

Nafasi ya kwanza: hostingi ya pamoja yenye cPanel

Seva moja inagawiwa wateja wengi, kila mmoja na chumba chake. Ni rahisi kwa bei, na kazi ya kuitunza seva ni ya kampuni. Tunasisitiza cPanel, paneli ya kuendeshea hostingi yako, kwa sababu kampuni nyingi duniani zinaitumia: ukihama, kampuni mpya inaweza kuvuta akaunti yako nzima kutoka ya zamani, na maelekezo utakayoyakuta YouTube yatafanana na unachokiona kwenye kioo chako.

Angalia bei ya mwaka wa pili, wala si ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tuseme tangazo linasema dola 3 kwa mwezi, na kulipia upya ni dola 10. Mwaka wa kwanza utalipa dola 36, yaani Sh 133,200. Wa pili ni dola 120, yaani Sh 444,000. Muuzaji mwingine mwenye dola 5 zisizobadilika atakutoza dola 60 kila mwaka, na kufikia mwisho wa mwaka wa pili yeye ndiye wa nafuu: 120 dhidi ya 156. Uliza pia kama VAT ya asilimia 18 imeshajumlishwa.

Ukubwa usikutishe. Chukua chapisho lenye picha tatu zilizopunguzwa vizuri: pamoja na nakala ndogondogo ambazo WordPress hujitengenezea, halizidi MB 1 au 2. Machapisho 1,000 ni GB 2 tu. GB 10 za nafasi zinakutosha kwa miaka. Kwa upande wa trafiki, yaani data inayokwenda kwa wasomaji, ukurasa wa MB 1 ukifunguliwa mara 10,000 kwa mwezi unakula GB 10. Neno "bila kikomo" halina maana hapa, kwa sababu kikomo halisi kiko kwenye idadi ya mafaili na nguvu ya prosesa. Ukiona kosa la "508 Resource Limit Is Reached", ndicho hicho umekigonga, na mara nyingi chanzo ni plagini (programu ndogo ya nyongeza) nzito au roboti zinazokushambulia, si wingi wa wasomaji.

Ununue Uganda au nje? Muuzaji wa hapa anapokea mobile money, anapokea simu, na hakuhitaji kadi ya Visa. Kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa. Muulize tu seva yake iko wapi, maana wengi wanauza nafasi zilizo Ulaya au Marekani. Seva iliyoko Kampala inafaidika na UIXP, kituo cha kubadilishana trafiki kilichopo tangu 2001, na tangu 2021 kuna kituo cha data cha Raxio pale Namanve. Seva ya nje inafikiwa kwa faiba inayopita Kenya au Tanzania hadi nyaya za baharini. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliona intaneti ikisuasua. Kwa upande mwingine, intaneti ilipozimwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, blogu iliyokuwa kwenye seva ya nje ilibaki wazi kwa wasomaji wa Nairobi, Dar es Salaam na ughaibuni. Kama wasomaji wako wengi wako nje ya nchi, tungechagua Johannesburg, London au Frankfurt. Seva ya Marekani iwe chaguo la mwisho, kwa sababu kila ombi la msomaji linavuka bahari mbili kwenda na kurudi.

Nafasi ya pili: hostingi ya WordPress inayosimamiwa

Hapa kampuni inakusasishia programu, inachukua bakapu (nakala ya akiba) kila siku na kufuta virusi. Ni huduma nzuri, na ungekuwa na blogu inayoingiza fedha tungeiweka kwanza. Tatizo ni bei, ambayo kwa kampuni zinazojulikana huanzia kwenye dola 15 hadi 30 kwa mwezi, na karibu zote zinataka kadi. Hamia huku siku ambayo blogu kuzimika kwa muda wa saa tatu kutakugharimu kuliko ada ya mwezi.

Nafasi ya tatu: Blogger au WordPress.com, ukiwa na domeini yako

Hii si hostingi yako mwenyewe, lakini tumeiweka hapa kwa sababu kuna wanaoihitaji. Blogger ya Google ni bure kabisa, nawe unalipia domeini tu. Kama huna hakika utaandika hata miezi mitatu, anzia hapo. Sharti ni moja: domeini iwe yako tangu siku ya kwanza. Hapo ukihamia WordPress yako baadaye, unaingiza machapisho ya zamani na anwani inabaki ileile. Aliyeanza na anwani inayoishia na blogspot.com hawezi kuibeba anapohama.

Nafasi ya nne: VPS

Sehemu ya seva inayojitegemea, kwa dola 4 hadi 6 kwa mwezi. DigitalOcean wanazo, Vultr wanazo hadi Johannesburg. Kwa bei hiyo unapata nguvu kuliko hostingi ya pamoja, na ndipo watu wanapovutiwa. Lakini unakabidhiwa Linux tupu. Kusakinisha, kuziba mianya ya usalama, kuchukua bakapu na kuamka usiku hifadhidata inapokwama ni kazi zako. Ghost, programu nzuri sana ya kuandikia, inahitaji seva ya namna hii yenye RAM ya angalau GB 1. Jifunze kwanza kwa tovuti isiyo na msomaji.

Nafasi ya mwisho: kompyuta ya nyumbani

Acha. Umeme ukikatika blogu imekatika, na laini nyingi za simu hazikupi anwani ya IP ya peke yako, kwa hiyo msomaji aliye nje hawezi kuifikia kompyuta yako bila mbinu za ziada.

Saa ya kwanza baada ya kulipa

Kama domeini na hostingi umenunua kwa watu tofauti, kampuni ya hostingi itakutumia nameserver mbili, majina yanayoielekeza domeini kwenye seva yako. Ziandike kwenye akaunti ya domeini badala ya zilizopo, kisha subiri. Huchukua dakika chache hadi saa 48, na katika muda huo blogu inaweza kuonekana kwenye simu moja na isionekane kwenye nyingine. Usianze kubadilisha vitu kwa wasiwasi.

Ingia cPanel, tafuta Softaculous, kisakinishi cha programu, chagua WordPress, bonyeza Install. Kuna kisanduku cha In Directory: kiache kitupu. Kikiwa na neno "wp", blogu yako yote itakaa kwenye jinalako.com/wp na ukurasa wa mbele utabaki mtupu. Chagua https kwenye mstari wa anwani. Jina la kuingilia lisiwe "admin", kwa kuwa ndilo roboti hulijaribu kwanza, na nenosiri liwe na herufi 16 au zaidi.

Ndani ya WordPress, kabla hujaandika neno: nenda Settings, kisha Permalinks, chagua Post name. Ukibadilisha mpangilio huu baada ya kusambaza viungo WhatsApp, unahatarisha viungo vya zamani kuvunjika. Kwenye General weka saa ya Kampala, la sivyo chapisho ulilolipangia saa kumi na mbili asubuhi litatoka saa tatu baadaye. Kwenye Reading, hakikisha kisanduku cha kuzuia mitambo ya utafutaji hakina tiki. Kisha sakinisha UpdraftPlus, plagini ya bakapu, na uiunganishe na Google Drive, bakapu mara moja kwa wiki. Kampuni ya hostingi ikikuambia wanachukua bakapu, vizuri, lakini bakapu iliyo kwenye seva ileile inapotea na seva.

Plagini zisizidi mahitaji. Kila moja ni mlango, na isiyosasishwa ni mlango usiofungwa. Usipakue kamwe mandhari (mwonekano wa blogu) au plagini za kulipia zinazogawiwa bure Telegram. Nyingi zimebeba programu hasidi, na blogu yako itaishia kutangaza kamari bila wewe kujua.

Picha ndizo zinazomaliza bando la msomaji. Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na uzito chini ya KB 150 kabla ya kuipandisha. Msomaji wa Gulu anayenunua data ya siku ataufunga ukurasa wako kabla haujafunguka, na hakuna seva duniani itakayoponya hilo.

Makaratasi

Septemba 2020 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliwataka wanaochapisha maudhui mtandaoni wawe na idhini yake kufikia tarehe 5 Oktoba mwaka huo, na wanablogu wametajwa humo. Waulize ada na fomu za sasa kabla hujamaliza bajeti. Ukikusanya barua pepe au namba za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu, na ofisi ya kujisajili ni Personal Data Protection Office. Kusanya barua pepe tu, usiombe namba ya simu usiyoihitaji.