Mbolea ya kupandia mahindi: DAP, Minjingu au TSP?

Ukiingia duka la pembejeo msimu wa kupanda, muuzaji atakuuliza unataka mifuko mingapi ya DAP. Wewe soma namba kwanza. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulioandikwa 18-46-0 (asilimia ya naitrojeni, fosfeti na potasiamu, kwa mpangilio huo) una kilo 23 za fosfeti na kilo 9 za naitrojeni. NPK ya 17-17-17, yenye virutubisho vyote vitatu, ina kilo 8.5 tu za fosfeti, hivyo ni ya shamba linalodai potasiamu pia. Gawa bei kwa kilo hizo, ndipo ulinganishe.

1. DAP. Kwa mahindi naiweka mbele. Inayeyuka upesi ikipata unyevu, lakini maji yanayoizunguka punje ya mbolea hufika pH (kipimo cha tindikali, 7 ni katikati) ya karibu 8 na kutoa amonia. Mbegu ikigusana nayo huungua. Weka kisoda kimoja shimoni, fukia kwa udongo kidogo, kisha dondosha mbegu. Usiimwage juu ya shamba. Fosfeti haitembei, husogea sentimita chache tu kutoka punje ilipoangukia, na kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hukamatwa na chuma na alumini. Ukiitawanya, unaulisha udongo, mahindi yanabaki na majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosfeti.

2. Minjingu. Ni mwamba wa fosfeti unaochimbwa mkoani Manyara. Maji peke yake hayaiyeyushi, inataka tindikali. Kwa hiyo pH ikiwa chini ya 5.5, kama mashamba mengi ya Njombe, naipandisha iwe ya kwanza, hasa kama shamba ni lako: inaendelea kutoa fosfeti misimu inayofuata, na ina kalsiamu. Shamba la kukodi mwaka mmoja, rudi kwenye DAP. Udongo wa magadi, usihangaike nayo kabisa. Unga huyeyuka haraka kuliko chenga, ila siku ya upepo utakula vumbi. Minjingu Mazao imeongezwa naitrojeni, ya kawaida haina.

3. TSP. Fosfeti sawa na DAP, naitrojeni hakuna. Nzuri kwa maharage na soya. Kwa mahindi utalazimika kuwahi na urea, mbolea ya naitrojeni.

Hujui pH yako? Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, kinapima udongo. Peleka sampuli wakati shamba bado kavu, majibu yakukute hujalipia mfuko.