TAHADHARI: "Arki ya mnanaa" inayouzwa Dar kumbe ni mafuta ya kuchulia

Waokaji wenzangu, hasa mnaooka nyumbani kwa oda, naombeni msome hii kabla hamjanunua arki ya mnanaa (ile ladha ya maji tunayotia kwenye keki na krimu) kwa wauzaji wa kwenye status wanaotuma mzigo kwa boda.

Wiki iliyopita nilipata oda ya trei mbili za brownies za mnanaa za tabaka tatu: chini brownie yenyewe, katikati krimu ya siagi na sukari ya unga yenye mnanaa, juu chokoleti ya kuyeyusha. Duka nililozoea liliishiwa arki, nikaelekezwa kwa muuzaji anayedai ana stoo Kariakoo. "Dada usiwe na wasi, mzigo wa Uingereza huu." Nikalipa Sh 69,000: kilo moja ya chokoleti "halisi" Sh 45,000, na chupa mbili za arki za mililita 30, Sh 12,000 kila moja. Jina lililotokea wakati wa kulipa halikufanana na la kwenye ukurasa wake. Nilipaswa kuacha palepale, ila oda ilikuwa ya kesho yake.

Nilipofungua chupa, harufu ilinipanda hadi machoni. Nikajipa moyo, nikatia kijiko kimoja cha chai kwenye krimu kama siku zote. Binti yangu wa miaka sita akalamba mwiko. Alilia mdomo unamwaka, akakohoa mpaka nikaogopa. Tulimsuuza kinywa, akanywa maziwa, baada ya muda akatulia. Ndipo nikailoweka chupa kwenye maji ya moto, stika ikabanduka. Chini yake kulikuwa na lebo ya kwanza, ya Kiingereza: mafuta ya kuchua misuli, kwa matumizi ya nje ya mwili tu.

Arki ya chakula huwa imezimuliwa, ndiyo maana tunaipima kwa kijiko. Mafuta ya mnanaa, hata yale ya chakula, hupimwa kwa matone. Haya ya kuchulia hayakutengenezwa yaliwe, na hujui yamechanganywa na nini. Kwa watoto wadogo mentholi nyingi, ile inayoupa mnanaa ubaridi wake, inaweza kubana pumzi. Ukidondosha tone kwenye glasi ya maji, mafuta yataelea, lakini hapo umejua tu kwamba ni mafuta. Hujajua kama yanalika.

Chokoleti nayo haikuwa ile. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 34, kwa hiyo chokoleti halisi hulainika ulimini. Hii iling'ang'ania kwenye kaakaa kama nta, nikajua ni ya mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Ile ya mafuta ya mimea sina ugomvi nayo, kwa joto la Dar hukaa vizuri juu ya keki na mimi huinunua nikijua ninachonunua. Lakini kuivunjavunja, kuifunga kwenye mfuko usio na lebo na kuniuzia kwa bei ya chokoleti ni wizi.

Nilipompigia muuzaji alisema nimezidisha kipimo. Nilipomtumia picha ya lebo ya chini akanibloku, na jioni ukurasa ukabadilishwa jina. Kwa hiyo shikeni dalili: chupa ndogo ya kahawia, stika ya kijani iliyobandikwa juu ya nyingine, hakuna viambato, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Piteni ukucha pembeni ya stika boda akiwa bado mlangoni, kabla hamjalipa.

Trei zote mbili nimetupa, mayai, siagi na kazi ya usiku mzima, na mteja nimemrudishia hela yake. Kama ulinunua kwake na keki imeshakwenda kwa mteja, mpigie leo hii, usione aibu, hasa kama kuna watoto.

Chupa ya pili sijaifungua. Naipeleka TBS Ubungo pamoja na ujumbe wa muamala; tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako kwao, si TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) tena. Mwenye chupa kama hii asiitupe. Anitumie picha ya stika ya juu na ya lebo ya chini, tuzipeleke pamoja.