Miezi tatu ya kozi ya kuchora batu hapa Goma, dola 20 ku mwezi

Mudogo wangu iko na miaka 15, anachoraka toka zamani, lakini ilikuwa paka katuni za kukopia ku telefone. Sura safi kabisa, nywele safi, kisha mikono kila mara iko mu mufuko ao nyuma ya mugongo. Nikamuuliza juu ya nini batu yako yote ni kama bameiba kitu? Akanyamaza. Njo nikamupeleka ku atelye moja ndogo ya Katindo, jina siandike juu niko na malalamiko.

Mwezi ya kwanza nilitaka banirudishie franga yangu. Mutoto anarudi na makaratasi imejaa mistari tu, kama kuku imekanyaga makala. Profu akaniambia bile njo banaitaka jesti: mutu anasimama sekunde 30, dakika moja, mbili, anageuka, weye unakamata paka namna mwili imeinama na uzito iko ku muguu gani, uso achana nayo. Sikumuamini hata kidogo.

Kisha mudogo wangu akaanza kutuchora siye ku nyumba. Mama anafua, anachorwa. Mimi niko nasonga bugali, "yaya usitikisike", sasa bugali iungue juu ya jesti? Mukate ya chai nayo inaisha juu eti inafutaka makala kuliko gomu (na ni kweli inafuta, nimeona). Lakini siku moja akaleta mutu wa chukudu (ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo), amemuchora ku karatasi ya kaki na makala ya ku jiko, mistari haifike hata makumi mbili, uso hakuna, na unaona kabisa ule mutu anasukuma mizigo: bega imeshuka, kisigino ya nyuma imeinuka, kiuno imepinda. Hapo nikanyamaza mimi.

Na bipimo sasa. Unanyoosha mukono, unafunga jicho moja, unapima kichwa na krayo, unahesabu inaingia mara ngapi mu mwili. Mutu mukubwa ni karibu 7 na nusu, mutoto wa mwaka moja ni karibu 4, njo maana batoto benye alikuwa anachora mbele balikuwa kama bazee bafupi. Macho nayo iko katikati ya kichwa, haiko kule juu kwenye siye wote tunawekaka. Nilibisha, nikaenda kupima ku kioo na mwiko. Iko katikati.

Mabaya sasa. Banasema kuko modeli, lakini jumamosi zingine modeli haji, banafunzi benyewe njo banasimama, mwenye anasimama hachori na bei haishuke. Tabure hazitoshe, ukichelewa unachora wima. Krayo za 4B (zile laini za kuchora nyeusi) profu anauzisha bei ya kutisha, mupite ku soko ya Birere mbele ya kuingia, ni krayo ile ile. Kurani (umeme) ikikatika banawasha tochi ya telefone kwa upande moja, hiyo silalamike, bivuli binatokea muzuri kuliko mu mwangaza ya kila siku.

Mwezi ya ine nimelipa, ila krayo nimekatala. Mikono sasa inatoka inje ya mufuko. Ingali kama makasia ya mutumbwi, lakini iko inje.