Wameniwekea mawingu juu ya Magdala: uzoefu wangu na duka la picha za kihistoria

Karatasi nzuri, wino mzuri, kifurushi kimefika bila mkunjo. Hayo nawapa mapema kabla sijapandwa na hasira.

Niliagiza nakala kubwa ya picha ya ngome ya Magdala, Ethiopia, iliyopigwa Aprili 1868 na wapiga picha wa jeshi la Uingereza, wa kikosi cha wahandisi (Royal Engineers), chini ya Sajini John Harrold. Imekuja na mawingu. Manene, yamepangwa vizuri juu ya mlima, na yote ni ya uongo.

Anga ya picha zile huwa tupu, na kuna sababu. Siku hizo picha zilipigwa kwenye kioo kilichopakwa kolodioni, kimiminika kinachoganda kuwa utando, na utando huo hunasa mwanga wa buluu na urujuani. Nyekundu haioni kabisa, kijani kwa taabu. Ukiacha lenzi wazi sekunde za kutosha mwamba na nyasi zitokee, anga inakuwa imeshaungua zamani kwa mwanga ikatoka nyeupe tupu, na mawingu yake yote. Fundi wa studio aliweza kuunganisha vioo viwili, kimoja cha anga na kingine cha ardhi. Hapa hakuna aliyeunganisha kioo chochote. Ni programu ya kompyuta imebandika.

Wamefuta na alama za kingo za kioo. Kolodioni humwagwa katikati ya kioo, kioo kikainamishwa kona moja baada ya nyingine, ziada ikarudishwa kwenye chupa kupitia kona ya mwisho. Ikishaanza kuganda, kioo kinazamishwa kwenye nitrati ya fedha, ili kiweze kunasa mwanga, dakika tatu hadi tano ndani ya hema la giza, kinapigwa picha kikiwa kibichi, kisha kinasafishwa kwa salfati ya chuma, ili picha itokee, kabla hakijakauka. Una kama dakika kumi. Magdala iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Etha iliyomo kwenye kolodioni, ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 35, kule hupaa haraka zaidi, utando ukaganda kabla ya kufika pembeni na kuacha mikunjo. Chembe ya vumbi huacha alama yenye mkia. Mikunjo na mikia hiyo ndiyo niliyoilipia, maana inaonyesha mkono wa fundi na hali ya mlima. Wameipangusa yote.

Nikawaandikia. Mhudumu akajibu: "Ndugu mteja, anga ilikuwa na kasoro, tumekurekebishia bure." Nikaomba faili ambalo halijaguswa. Akaniuliza nani anaangalia anga kwenye picha ya vita vya zamani.

Ninaangalia mimi! Ngome ilitekwa na Waingereza 13 Aprili, Mfalme Tewodros II wa Ethiopia akajiua humo siku hiyohiyo, na 17 Aprili wakaichoma moto. Mwanawe Alemayehu alichukuliwa hadi Uingereza, akafia huko mwaka 1879. Mfalme hakuacha picha yake ya kamera inayojulikana, na nyumba zake ziligeuka majivu. Picha za kamera tulizobaki nazo za mahali pale ni chache, za jeshi lilelile lililochoma. Anayejipa ruhusa ya kuongeza wingu leo, kesho ataondoa kibanda au maiti, na mnunuzi hatajua.

Nilikuwa nimepanga nyota tatu kwa ajili ya karatasi. Sasa moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Ila kifurushi kilikuwa na nakala ya pili, Koket-Bir, lango la ngome hiyo, na hiyo hawakuigusa. Umanjano wa ute wa yai, uliopakwa kwenye karatasi za picha za enzi zile, umebaki kwenye sehemu nyeupe, vivuli vina ile kahawia ya zambarau iliyoletwa na kloridi ya dhahabu waliyotumia kuipa picha rangi, mawe unayahesabu. Sijawahi kuona nakala bora ya picha hizi. Kumbe kazi wanaijua, na ndiyo maana nimezidi kukasirika.

Ukiagiza kwao, wakuandikie kabla ya malipo kwamba faili halitarekebishwa, na wakutumie sampuli yenye kingo zote nne. Ukiona mawingu, usilipe. Basi, nyota mbili. Ya pili ni ya lango.