Canale 5 ya Italia na Channel 5 ya Uingereza, ipi ikufae?

Huku Malindi ukitaja chaneli 5 ya TV ubishi unaanza hapo hapo, aliyefanya kazi na Waitaliano atakwambia Canale 5 na mwengine atashikilia ile ya Waingereza. Jina moja lakini hazina undugu wowote, ya Italia ilianzishwa 1980 na Silvio Berlusconi, aliyekuja kuwa waziri mkuu huko, ya Uingereza ikaja 1997 na 2014 ikanunuliwa na Viacom, kampuni ya Marekani ambayo sasa ni Paramount.

Gharama ziko sawa tu, huko kwao zote zinaishi kwa matangazo ya biashara. Kuzipata ndo kazi, manake programu zao za intaneti ni za watazamaji walioko nchi zao tu, kwahivyo hapo hakuna mshindi.

Kwa lugha sasa, mimi naona Canale 5 inashinda mbali kama unatembeza watalii ama uko hoteli, maana taarifa yao ya habari, TG5, iliyoanza 1992, inakupa Kitaliano kilichonyooka, halafu Grande Fratello, yaani Big Brother ya Kitaliano, kile kipindi cha watu kufungiwa nyumba moja na kamera, inakupa kile cha watu wakigombana jikoni, na hicho ndo mgeni atakuongelesha! Waingereza nao Big Brother yao ilikuwa Channel 5 kuanzia 2011 hadi 2018 tu.

Lakini nyumba yenye watoto wadogo, ya Uingereza ina vipindi vya watoto vya Milkshake! asubuhi, na Kiingereza wanakihitaji shule. Tena filamu zao za maisha halisi ni nzuri sana jamani. Anayetafuta kazi kwa Waitaliano aende Canale 5, mwenye wanafunzi nyumbani achukue hii nyengine.